Kipimo cha Protini au Kipimo cha Jeni: Kipi Kitangulie kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu?

Mgonjwa anayekohoa miezi nenda miezi rudi, ambaye kipimo cha pumzi kimeshaonyesha kwamba njia zake za hewa zimebana na hazifunguki vya kutosha hata baada ya kuvuta dawa, hufika mahali akaambiwa kwamba yapo mambo mawili ya kuchunguza katika damu yake. La kwanza ni protini za kinga, yaani zile zinazopigana na vimelea au kuyalinda mapafu yasiharibiwe na mapigano hayo. La pili ni jeni alizorithi kwa baba na mama. Watu wengi huviweka vipimo hivi viwili katika fungu moja la vipimo vikubwa vya gharama, ilhali havijibu swali moja. Kipimo cha protini huuliza mwili una nini leo. Kipimo cha jeni huuliza mwili ulipewa maagizo gani tangu mimba ilipotungwa.

Kwa kuwa fedha za vipimo mara nyingi hutoka mfukoni mwa familia, si haki mgonjwa kupelekwa kwenye kipimo kwa sababu tu kipo. Ndiyo maana ninalinganisha ugonjwa kwa ugonjwa, nikitumia kigezo kimoja ambacho naamini kila mgonjwa anastahili kukidai: jibu litakapotoka, litabadilisha nini katika matibabu au katika maisha ya ndugu zake?

Alfa-1 antitripsini: mahali ambapo vipimo vyote viwili vina kazi

Mwaka 1963, mjini Malmö nchini Sweden, Carl-Bertil Laurell alikuwa akikagua vipande vya karatasi ambavyo juu yake protini za damu hutenganishwa kwa umeme hadi zikajipanga kwa mistari. Katika vipande vipatavyo 1,500, vitano vilikosa mstari wa kundi la alfa-1. Yeye na daktari kijana Sten Eriksson waliwafuatilia wenye damu hiyo, wakakuta kwamba watatu kati ya watano wana ugonjwa mkubwa wa mapafu. Ugonjwa huu, basi, ulijulikana kwanza kama pengo la protini, na jeni ikaja kufahamika baadaye. Mfuatano huo unafaa hata leo kwa mgonjwa aliyekaa mbele ya daktari.

Protini yenyewe hutengenezwa hasa na ini, huingia katika damu, kisha hufika mapafuni na kufanya kazi ya ulinzi. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili zinapopambana na vimelea hutoa kimeng'enya cha elastasi, ambacho hukata nyuzi zinazofanya vifuko vya hewa vitanuke na kunywea. Alfa-1 antitripsini huikamata elastasi kabla haijamaliza nyuzi hizo. Anayepungukiwa na protini hii hupoteza vifuko vyake vya hewa taratibu, hali iitwayo emfisema, na mara nyingi uharibifu huanzia sehemu za chini za mapafu badala ya za juu kama ilivyo kwa wavutaji wengi wa sigara. Moshi wa sigara nao huongeza balaa kwa njia mbili: huita neutrofili nyingi zaidi mapafuni, na hubadilisha asidi amino ya methionini mahali hasa ambapo protini hii huishikia elastasi, hivyo hata ile kidogo iliyopo inakuwa dhaifu.

Jeni inayohusika huitwa SERPINA1 na ipo kwenye kromosomu ya 14. Nakala ya kawaida huandikwa M, na nakala mbili zenye kasoro zinazojulikana zaidi ni S na Z. Aliyerithi Z kwa wazazi wote wawili hutengeneza protini inayojikunja vibaya na kukwama ndani ya seli za ini, hivyo kinachofika katika damu ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ya kiwango cha kawaida. Kwa sababu hiyo mtu huyo huyo anaweza kuugua mapafu kwa kupungukiwa na ini kwa kurundikiwa. Baadhi ya watoto wachanga wenye hali hii hupata umanjano unaokawia kwisha, na baadhi ya watu wazima huishia na ini lenye makovu.

Ubora wa kipimo cha protini ni kwamba hakijali kasoro ni ipi. Iwe ni Z, iwe ni badiliko adimu ambalo halijapewa hata jina, protini ikipungua itaonekana imepungua. Udhaifu wake ni kwamba alfa-1 antitripsini ni miongoni mwa protini zinazopanda mwili unapowaka kwa maambukizi au majeraha, na hupanda pia wakati wa ujauzito na kwa wanaotumia vidonge vyenye estrojeni. Tuchukue karatasi ya majibu inayosomeka hivi: alfa-1 antitripsini gramu 1.2 kwa lita, CRP miligramu 85 kwa lita. Namba ya kwanza peke yake inaonekana salama. Ya pili, ambayo hupima ukali wa uvimbe mwilini, inasema kwamba namba ya kwanza imesukumwa juu, na mtu mwenye nakala moja ya Z anaweza kabisa kujificha hapo. Mwenye nakala mbili za Z ni vigumu kujificha namna hiyo, kwa kuwa hata ini likihimizwa kuongeza protini haliwezi kuitoa yote nje. Hivyo damu ichukuliwe wakati kifua kimetulia, na CRP ipimwe katika damu ile ile. Jibu la protini lisiloambatana na CRP mimi naliona nusu jibu.

Kipimo cha jeni hakina tatizo hilo. Homa haikibadilishi, mimba haikibadilishi, na hakuna haja ya kukirudia mwakani. Kinatofautisha mwenye ZZ, ambaye yumo hatarini hasa, na mwenye MZ, ambaye asipovuta sigara hatari yake ni ndogo. Lakini kina mtego ambao wagonjwa wengi hawaelezwi. Kipimo cha kawaida hakisomi jeni nzima. Huuliza tu kama S ipo na kama Z ipo. Maabara isipoziona huandika M, na kwa hiyo herufi M katika karatasi hiyo mara nyingi ina maana ya kwamba S na Z hazikupatikana, si kwamba jeni imethibitishwa kuwa nzima. Mtu mwenye nakala moja ya Z na nyingine ya aina adimu isiyotoa protini kabisa anaweza kuandikiwa MZ, akaambiwa ni mbebaji tu, huku protini yake ikiwa chini sana. Kinachomwokoa ni kulinganisha karatasi mbili: kiwango cha protini kikiwa chini kuliko kile kinachotarajiwa kwa MZ, ambacho ni takriban asilimia 60 ya kawaida, jeni yote inapaswa kusomwa herufi kwa herufi.

Ukweli huu una uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili. Nakala ya Z ilienea kutoka kaskazini mwa Ulaya. Watoto wachanga 200,000 walipopimwa Sweden kati ya 1972 na 1974, mmoja katika kila 1,600 hivi alikuwa na ZZ. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara nakala hiyo ni nadra. Mtu wa Songea au wa Kisumu anayepimwa S na Z pekee anaulizwa kuhusu kasoro za watu wengine, na jibu la kwamba hana halimwambii mengi. Kipimo cha protini hakina upendeleo huo wa asili. Kwa Waswahili walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hasa katika familia zilizochanganya damu, hali ni tofauti kidogo na kipimo cha S na Z kina mantiki zaidi. Hata hivyo kipimo cha mate kinachofanywa nyumbani, kama kile cha 23andMe kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kutoa taarifa ya ugonjwa huu, nacho huangalia S na Z tu. Anayepata jibu zuri humo, naye anabanwa kifua, bado anahitaji kupimwa protini.

Je, jibu hubadilisha nini? Ipo tiba ya kumwongezea mgonjwa protini iliyotolewa katika damu ya wachangiaji, miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito, kwa njia ya mshipa, kila wiki. Marekani iliiruhusu mwaka 1987, na jaribio la RAPID lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba hupunguza kasi ya mapafu kupoteza msongamano wa tishu zake katika picha za CT. Tiba hiyo si sehemu ya huduma za kawaida katika hospitali zetu. Mgonjwa wa Afrika Mashariki asivunjike moyo kwa hilo akadhani kipimo hakina faida, kwa maana kinachookoa mapafu zaidi ni kuacha sigara kabisa, kuepuka moshi na vumbi la kazini, kuchanja dhidi ya homa ya ini aina ya B, kukagua ini mara kwa mara, na kuwapima ndugu wa tumbo moja, ambao kila mmoja anaweza kuwa na hali ile ile. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 1997 kwamba kila mwenye COPD, yaani ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana na kutofunguka vya kutosha, apimwe protini hii angalau mara moja. Hukumu yangu hapa haina utata: protini pamoja na CRP vitangulie, na jeni ifuate ikiwa kiwango kiko chini ya takriban gramu 1.1 kwa lita. Kiwango kikishuka chini ya gramu 0.57 hivi, mapafu yanahesabiwa kuwa hayana ulinzi wa kutosha, na hapo jeni isicheleweshwe.

Imunoglobulini: protini yashinda bila ushindani

Kwa mgonjwa ambaye mirija yake ya hewa imetanuka na hairudi, hali iitwayo bronkiektasisi, anayetema makohozi mengi ya rangi kila asubuhi na kupata nimonia mara kwa mara, swali la kwanza ni kama mwili wake unatengeneza kingamwili za kutosha. Miongozo ya Ulaya ya 2017 na ya Uingereza ya 2019 inataka kila mgonjwa wa aina hii apimwe imunoglobulini, yaani kingamwili zenyewe, za aina ya G, A na M (IgG, IgA na IgM). Mtu mzima huwa na IgG ya takriban gramu 7 hadi 16 kwa lita. Anayekutwa na gramu 2 ana ugonjwa unaotibika, kwa sababu imunoglobulini inaweza kuongezwa kwa mshipa au chini ya ngozi, na nimonia zikapungua kabla mapafu hayajaharibika zaidi.

Kipimo cha jeni hapa huja nyuma sana. Wengi wa watu wazima wenye upungufu wa kingamwili hawana jeni moja inayoweza kunyooshewa kidole, na hata inapopatikana, matibabu kwa kawaida yanabaki yale yale. Mahali pake pa haki ni kwa mtoto wa kiume anayeugua masikio na mapafu tangu baada ya miezi sita ya kwanza, ambaye kingamwili karibu hazipo na chembe B, zile zinazozaa kingamwili, hazionekani. Jeni ya BTK, iliyotambuliwa mwaka 1993, ipo kwenye kromosomu X. Mama anaweza kuibeba akiwa mzima na kuwapa wanawe, kwa hiyo jibu linawahusu dada za mama na watoto watakaozaliwa.

Kuna tahadhari mbili za kutosoma namba vibaya. Prednisolone ya vidonge, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikitumiwa kwa muda mrefu, na ugonjwa wa figo unaopitisha protini katika mkojo, hushusha IgG bila kasoro yoyote ya kurithi. Kinyume chake, mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa mara nyingi huwa na IgG ya juu ambayo haifanyi kazi vizuri. Namba kubwa isimfariji daktari hadi akaacha kuuliza kuhusu kipimo cha VVU.

Lektini ya manosi: usitoe fedha zako

Lektini inayoshika manosi, inayoandikwa kwa kifupi MBL, hunata kwenye sukari zilizo juu ya bakteria na kuamsha mfumo wa komplementi, yaani kundi la protini za kinga katika damu, ili uwatoboe. Kiwango chake kinategemea sana jeni ya MBL2 iliyo kwenye kromosomu ya 10. Utafiti wa wagonjwa 149 wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu uwe mzito, nchini Denmark, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba wenye nakala zenye kasoro walikuwa na pumzi dhaifu zaidi, na makadirio ya uhai wao yalikuwa pungufu kwa miaka 8. Ni matokeo mazito, na yaliwafanya wengi waamini kwamba MBL ingekuwa kipimo cha kila mgonjwa wa mapafu.

Haikuwa hivyo. Katika COPD na katika kifua kikuu matokeo yamegongana, na baadhi ya tafiti zimeashiria kwamba nakala moja yenye kasoro huenda hata ikamlinda mtu na kifua kikuu. Katika Afrika kusini mwa Sahara nakala iitwayo C ni ya kawaida mno, kiasi kwamba watu wengi sana wazima wa afya wana MBL ya chini na hawajui. Tena hakuna tiba ya kuongeza MBL iliyothibitika. Kwa kigezo nilichokiweka mwanzoni, si protini wala jeni inayostahili fedha ya mgonjwa wa kawaida hapa. Kipimo hiki kibaki kwa watafiti.

CFTR: hapa jeni yaongoza, lakini jasho litangulie

Kwa mtoto au kijana mwenye bronkiektasisi isiyoeleweka, kinyesi chenye mafuta, na uzito usiopanda, sistiki faibrosisi inapaswa kufikiriwa hata kama ngozi yake ni nyeusi. Kwa muda mrefu ugonjwa huu umehesabiwa kuwa wa Wazungu, na naamini kabisa dhana hiyo imewanyima watoto wetu uchunguzi. Kipimo cha kwanza ni cha jasho: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, ugonjwa upo, ikiwa chini ya 30, haielekei kuwapo.

Baada ya hapo jeni inachukua usukani, kwa sababu dawa zinazorekebisha protini ya CFTR, ile yenye kasoro katika ugonjwa huu, huchaguliwa kwa kufuata badiliko lenyewe. Ivakafta iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa badiliko moja, na mwaka 2014 orodha ikapanuliwa kuingiza mengine, likiwemo S549R. Badiliko hilo ndilo linaloongoza miongoni mwa wagonjwa wa Oman, na kwa familia za Waswahili walioko Maskati au wenye ukoo huko, hasa walikooana binamu, taarifa hiyo si ya vitabuni tu. Jibu la jeni linaweza kumfungulia mtoto dawa inayobadilisha maisha yake. Kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika badiliko linalotajwa zaidi ni 3120+1G>A, na kifurushi cha maabara kinachotafuta F508del pekee, badiliko linaloongoza kwa Wazungu, hakitaliona. Kabla ya kulipa, mzazi aulize ni mabadiliko mangapi yanayochunguzwa na kama hilo limo.

Makovu ya mapafu: jeni inayoleta ugonjwa na kuurefusha uhai

Katika ugonjwa wa mapafu kugeuka kovu pasipo sababu inayojulikana, hakuna protini ya kinga ambayo kipimo chake kimeingia katika matibabu ya kila siku. Jeni, kinyume chake, zimetoa somo la ajabu. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba badiliko dogo katika eneo linaloongoza jeni ya MUC5B, ambayo hutengeneza protini ya ute, huongeza sana hatari ya kuugua. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba kati ya waliokwisha kuugua, wenye badiliko hilo huishi muda mrefu zaidi kuliko wasio nalo. Hatari ya kuupata ugonjwa na mwenendo wa ugonjwa ukishaingia ni mambo mawili, na anayesoma jibu la jeni bila kuyatenganisha atamtisha mgonjwa bure. Badiliko hilo ni nadra kwa Waafrika, na halibadilishi dawa, hivyo silipendekezi kama kipimo cha mgonjwa.

Telomea, zile ncha za kromosomu zinazofupika kadiri seli zinavyogawanyika, ni habari nyingine. Mwaka 2012 jaribio la PANTHER lilionyesha kwamba mchanganyiko wa prednisone, azathioprine na asetilisisteini uliongeza vifo kwa wagonjwa wa makovu haya, na uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba madhara yaliwaangukia hasa wenye telomea fupi. Panapokuwa na ndugu wawili au zaidi wenye makovu ya mapafu, au mtu aliyeota mvi akiwa kijana na mwenye damu pungufu au ini bovu katika ukoo huo huo, kupima urefu wa telomea na jeni zinazozitunza, kama TERT, kunaweza kumwepusha mgonjwa na dawa za kushusha kinga ambazo zingemdhuru. Hapa jeni inastahili gharama yake, hata kama sampuli italazimika kusafiri.

Vipimo viwili vya bei nafuu ambavyo husahauliwa

Wagonjwa wengi wa mapafu sugu katika Afrika Mashariki hawakuugua kwa jeni moja mbovu. Waliugua kwa kupika kwa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kifua kikuu kilichopona na kuacha mapafu yenye mashimo, kwa vumbi la migodini, au kwa sigara. Mpango wa kimataifa wa GOLD ulitambua hilo rasmi mwaka 2023 ulipogawa COPD kwa vyanzo, ukiweka moshi wa kuni na maambukizi kama kifua kikuu katika mafungu yao wenyewe kando ya fungu la urithi. Ni kweli kwamba jeni zina mchango pia kwa watu hawa; utafiti mkubwa wa 2019 ulitaja maeneo 82 ya vinasaba yanayohusiana na COPD. Lakini kila eneo huchangia kidogo, na wengi waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya, kwa hiyo alama za hatari zinazojumlishwa kutokana na maeneo hayo hazimfai bado mama wa Iringa.

Kinachomfaa ni CRP na hesabu ya eosinofili, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Katika jaribio la PACE lililofanywa Uingereza na Wales na kuchapishwa mwaka 2019, wagonjwa 653 waliozidiwa na COPD waligawanywa, wengine wakipimwa CRP papo hapo kwa tone la damu ya kidole. Matumizi ya antibayotiki yalishuka kutoka asilimia 77.4 hadi 57.0, na wagonjwa hawakupona vibaya zaidi. CRP ikiwa chini ya 20, dawa hizo haielekei kumsaidia. Ikizidi 40, huenda zikamsaidia. Kati ya hapo, rangi ya makohozi ndiyo inayoamua. Katika nchi ambako antibayotiki hununuliwa duka la dawa bila cheti na usugu wa bakteria unazidi, tone hilo la damu lina thamani kubwa.

Eosinofili, ambazo huitwa na protini ya interlukini-5, zinahesabiwa katika kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, kwenye ile chupa yenye kifuniko cha zambarau. Mgonjwa wa COPD anayezidiwa mara kwa mara akiwa na eosinofili 300 au zaidi kwa maikrolita huelekea kunufaika na steroidi ya kuvuta. Mwenye chini ya 100 hanufaiki sana, na hatari ya nimonia inabaki. Tatizo la kwetu ni kwamba minyoo na kichocho navyo hupandisha hesabu hiyo. Mvuvi wa Ziwa Viktoria mwenye eosinofili 900 apimwe choo na mkojo na kutibiwa kwanza, kisha hesabu irudiwe. Na mwenye minyoo aina ya strongiloidi akipewa steroidi ya vidonge pasipo kutibiwa, minyoo hiyo inaweza kusambaa mwili mzima na kumuua.

Unapoketi mbele ya daktari

Kwa mgonjwa mtu mzima wa COPD ambaye uwezo wake ni wa kipimo kimoja tu cha ziada, ningemwambia achukue picha kamili ya damu na CRP, kwa kuwa zote mbili zitaelekeza dawa wiki hiyo hiyo. Akiwa na uwezo wa kuongeza, au akiwa ameugua kabla ya miaka 45, au havuti sigara, au ini lake lina shida isiyoeleweka, alfa-1 antitripsini iongezwe, na jeni isubiri jibu hilo. Mwenye makohozi mengi na nimonia za kurudia aanze na imunoglobulini. Mtoto mwenye jasho la chumvi kupita kiasi, na ukoo wenye makovu ya mapafu, ndio wawili ambao ningewaambia wajikusanyie fedha ya jeni hata kwa kuchangiwa.

Uamuzi wa jeni una upande mwingine ambao protini haina. IgG ya chini ni siri ya mgonjwa na daktari wake, ilhali nakala mbili za Z ni habari ya wazazi wake wote wawili, ndugu zake na watoto wake, wapende wasipende. Katika nchi nyingine bima ya maisha huweza kuuliza kuhusu jibu hilo. Kwa hiyo azungumze na mwenzi wake na wakubwa wa familia kabla damu haijatolewa, aamue mapema ni nani ataambiwa na kwa maneno gani, na asikubali mtoto mdogo asiye na dalili apimwe ugonjwa wa ukubwani ambao hauna la kufanywa utotoni.

Kwa upande wa maabara, protini hupimwa katika majimaji ya damu iliyoachwa igande, na jeni katika chupa ya zambarau isiyogandisha. Kwa alfa-1 antitripsini zote mbili zinaweza pia kupimwa katika matone yaliyokaushwa juu ya kadi ya karatasi, ambayo husafiri kwa basi au kwa posta bila barafu. Mgonjwa aliyetoka kuugua nimonia aombe kusubiri hadi apone na CRP ishuke kabla ya kupima protini, maana kipimo kitakachorudiwa kitalipiwa mara mbili. Na fomu ya jeni inaporudi, aombe karatasi yenyewe badala ya kusomewa tu, ahakikishe imeandikwa mabadiliko gani yalichunguzwa na yapi hayakuchunguzwa, kisha aiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.